Pembe za Bustani

Leo mzee wangu ameurudisha ndani uzio wa bustani ya kanisa, upande ule wa barabarani. Tuta la mwisho sasa liko nje kabisa, na mpita njia atachuma bila kumwomba mtu ruhusa. Jambo hili tumelizungumza kwa muda mrefu, mimi na yeye, kisha na wazee wa kanisa. Wamekubali. Nina furaha mno, ndiyo maana naandika kabla sijalala.

Wazo lenyewe ni la kale. Mambo ya Walawi 19 inamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni kabisa, wala asirudi kuokota masazo. Hayo ni ya maskini na mgeni. Kila nikisoma andiko hilo, kinachonigusa ni jinsi linavyoilinda heshima ya anayepokea. Maskini haandikwi jina, hapangwi foleni, haulizwi ana watoto wangapi. Anaingia, anavuna kwa mikono yake mwenyewe, anakwenda zake. Boazi naye, mwenye shamba katika kitabu cha Ruthu, akaongeza: aliwaagiza vijana wake wachomoe masuke kwenye miganda na kuyaacha chini makusudi, ili Ruthu, mjane mgeni, ayaokote bila kukemewa. Jioni Ruthu alipopura, akapata kama efa moja (kipimo cha kale cha nafaka) ya shayiri. Hakuna mahali panaposema kwamba aliambiwa siri ya masuke yale.

Basi kwenye tuta la nje mzee amepanda mboga za kuchumwa jani kwa jani. Ukichuma majani ya nje ukaacha moyo wa mche, mche huo huo utaendelea kutoa kwa wiki nyingi, na watu wengi watapata. Mmea unaong'olewa wote kwa mara moja humfaa wa kwanza kufika tu. Katikati ya mistari ameweka maharagwe, kwa kuwa mizizi ya jamii ya kunde hukaa na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, na mabaki yake yakiachwa ardhini huirutubisha.

Mboji ndiyo fahari yake. Hupanga majani makavu, kisha mabichi, kisha samadi, tabaka juu ya tabaka, mpaka lundo lifike walau mita 1, maana lundo dogo halishiki joto. Ndani yake joto hupanda hata kufikia nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, na hapo mbegu nyingi za magugu hufa. Mzee huchomeka fimbo katikati, akaiacha kidogo, akaichomoa na kuishika. Ikiwa imeanza kupoa, hupindua lundo lote ili hewa iingie. Kuna vijana wawili watatu ambao ibada ya Jumapili huwachosha, lakini kwa habari ya fimbo hii huja mbio. Nami nimeona kwamba mtu akiwa ameshika sepetu husema mambo ambayo ukimkalisha ofisini mwa mchungaji hatayasema.

Kwetu kina mama, kwenye mifarishi, yaani blanketi za viraka tunazoshona, ni vivyo hivyo. Tunakaa tukiizunguka meza moja, macho yako kwenye sindano, hakuna anayemkodolea mwenzake, na maneno hutoka yenyewe.

Mfarishi wa viraka una tabaka tatu: uso uliounganishwa, pamba ya kujazia, na kitambaa cha chini. Tunazipiga bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya muda, zisihame, kisha tunashona mishono inayopita zote tatu, la sivyo pamba itajikusanya pembeni baada ya kufuliwa. Vitambaa vya pamba tunavifua kabla ya kukata, maana hunywea. Viraka hukatwa kwa kufuata mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, kwani kitambaa cha mshazari huvutika na kupinda. Upana wa mshono ni robo inchi, wala silegezi hapo. Tofauti ndogo ikirudiwa kwenye kila kiraka, mwishowe pembe hazikutani.

Na kila kipande nakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kikiwa kimechakaa hata naona upande wa pili, hakiingii. Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba mhitaji hachagui. Sikubaliani nayo hata kidogo. Dorkasi wa Yafa, tunayesoma habari zake katika Matendo 9, alipokufa wajane walisimama wakilia na kuonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Watu hawaonyeshi hivyo nguo wanazozionea haya.

Jioni hii nimefikiria pia ule mfarishi mkubwa wa kumbukumbu ya waliokufa kwa UKIMWI, uliotandazwa Washington mnamo Oktoba 1987 ukiwa na vipande 1,920. Kila kipande kilikuwa na futi 3 kwa 6, karibu ukubwa wa kaburi, na wengi walishonea humo nguo na vitu vya marehemu wao. Wapo waliokuwa wamenyimwa mazishi ya heshima. Ndugu na marafiki wakachukua sindano. Naamini meza ya kushonea kama hiyo ilipaswa kuwa kanisani tangu siku ya kwanza, na ndiyo sababu nataka yetu iwe wazi kwa kila aliyefiwa, awe mshirika au asiwe.

Wiki hii ni zamu ya dada yetu mmoja aliyempoteza mumewe. Ameleta mashati ya marehemu, amefua na kupiga pasi yote mwenyewe. Nilimwambia, "Dada, sisi tutashona, wewe upumzike." Akanijibu kwamba amepumzika vya kutosha, anataka kushona. Nimempa subana yangu ya zamani, ile inayokaa vizuri kidoleni. Mashati ni membamba, kwa hiyo kila kiraka tutakitilia kitambaa kingine kwa nyuma kabla ya kuunganisha, na mifuko ya kifuani itabaki kama ilivyo kwa ombi lake. Tunaanza kukata kesho baada ya maombi ya asubuhi. Nimewaomba kina mama waje na mikasi yao, kwa kuwa mikali tuliyo nayo haitoshi.