Kukagua msimbo wa C wa mizani ya samaki
Wiki hii, hapa Mwanza, tunakagua msimbo wa programu iliyoandikwa kwa lugha ya C, inayopokea uzito kutoka kwenye mizani ya kidijitali na kuuhifadhi pamoja na jina la mvuvi, kabla haijaanza kutumika katika mwalo wa Kirumba. Tumetumia Flawfinder, zana ya David A. Wheeler ya kutafuta udhaifu wa usalama katika msimbo, ambayo hupanga maonyo kwa kiwango cha hatari kuanzia 0 hadi 5. Zana hiyo haifuatilii njia ya data. Hulinganisha majina ya funksheni (amri zilizo tayari za lugha) na orodha yake ya funksheni zenye hatari, hivyo kila onyo lazima lisomwe na mtu.

Onyo moja lilinisimamisha. Funksheni ya strcpy ilinakili jina katika nafasi ya baiti 32 bila kupima urefu, na kwa kuwa C huongeza baiti ya sifuri mwishoni, jina la herufi 32 tu lingetosha kufurika hadi kwenye sehemu iliyofuata, ambayo ilikuwa ya uzito. Kilo hizo ndizo riziki ya mtu! Sasa tunatumia snprintf, ambayo haiandiki zaidi ya nafasi iliyopewa, na kupima thamani inayorudishwa, yaani urefu ambao maandishi yote yangehitaji, ili jina refu likataliwe badala ya kukatwa kimyakimya. Funksheni ya gets, ambayo husoma maandishi bila kupima urefu na ilitumiwa na mnyoo wa Morris (programu iliyojisambaza yenyewe kwenye Intaneti) mwaka 1988, haikuwemo kabisa.