Santuri si za kufungia kabati

Kuna watu hapa Kenya wako na santuri za zamani na hawazipigi. Wamezifunga kwa karatasi za nailoni, zimepangwa juu ya kabati, na ukiomba kusikia hata moja unaambiwa hizo ni za thamani wewe, zitaharibika. Mimi hapo huwa nabishana na mtu mpaka chai inapoa. Santuri ilitengenezwa ipigwe, na isipigwe tu ukiwa umejifungia chumbani peke yako, pigia watu.

Kwa hivyo huku Kisumu, jumapili watu wakishatoka kanisani na jua ikishapunguza ukali, natoa gramafoni yangu kwa veranda. Ni HMV 102 (HMV ni His Master's Voice, kampuni ya Uingereza), ile ya kubeba, ukiifunga ni sanduku tu yenye kishikio. Kampuni ilianza kuitoa 1931 na miaka ya hamsini bado walikuwa wanaitengeneza. Haina waya, haina betri. Unaingiza hendo kando, unazungusha mpaka uskie springi imekaza, unaachilia breki, sahani inaanza kuzunguka. Stima ikipotea mtaa mzima (na hupotea) sisi tunaendelea tu, na hapo ndio majirani huanza kuingia mmoja mmoja na viti vyao, juu TV zao zimezima na kwangu kuna tarumbeta inalia.

Zenye napenda zaidi ni za jazi ya miaka ya ishirini. Louis Armstrong na kundi lake la Hot Five walirekodi Chicago kati ya 1925 na 1928 kwa lebo ya Okeh, halafu Uingereza nyimbo hizo zikatolewa na Parlophone, na zangu ni hizo za Parlophone, nilizipata kwa mzee mmoja Nakuru ambaye aliachiwa na mtu aliyekuwa amemwajiri kitambo. Ndani yake kuna West End Blues, ya Juni 1928. Inaanza na Armstrong peke yake, hakuna ngoma, hakuna piano, tarumbeta tu inapanda na kushuka kwa sekunde chache hivi na bado hujajua wimbo unaelekea wapi. Mara ya kwanza niliiweka, jirani yetu mmoja, mzee aliyepiga gita enzi zake, alishika fimbo akauliza, "Huyu naye anatafuta nini?" Nikamwambia ngoja kidogo jaduong'. Ikaingia piano ya Earl Hines mzee akanyamaza. Karibu na mwisho Armstrong anashika noti moja ya juu, anaishikilia tu, bendi inaendelea chini yake na yeye haachii, na mzee akawa anahesabu na kidole kwa goti. Ilipoisha akasema rudisha. Hiyo kwangu ni sifa tosha, sihitaji mtu aniandikie makala.

Sasa kurudisha si kubonyeza kitu. Upande mmoja ni kama dakika tatu, ukiisha lazima mtu ainuke, ashike mkono wa gramafoni, ule unabeba sindano, auweke kando, atoe sindano ya zamani, aweke mpya, azungushe hendo. Watoto wanapigania hendo mpaka nimewapangia zamu. Na katikati ya hizo dakika za kubadilisha ndio stori zinaingia, mtu anasema hii inanikumbusha onanda (muziki wa kodiani wa Wajaluo), mwingine anasema wewe hujui onanda, na kabla wamalizane nishaangusha sindano.

Sindano ni ya chuma na inatumika upande mmoja tu, basi, unatupa. Watu huona ni uharibifu. Lakini hizi santuri za 78, za kuzunguka mara 78 kwa dakika, si plastiki, ni laki, utomvu wa wadudu wadogo wa kule India na Thailand, umechanganywa na unga wa mawe. Huo unga ndio unasaga ncha ya sindano mpaka ikae sawa kwa mfereji. Ukiirudia, ncha ishasagika imekuwa na kingo kali, sasa kazi yake ni kukata tu muziki utoke kama vumbi. Na sindano ukilinganisha na santuri ya Armstrong ni ghali? Hapana. Santuri ndio huwezi kupata nyingine.

Siku moja mwendeshaji boda alisimama hapo kwa geti, hajatoa hata helmeti, akauliza, "Omera, spika iko wapi?" Nikamfungulia akaangalia ndani na nje. Hakuna spika. Sindano inatikisika kwa mfereji, inatikisa kipande chembamba cha aluminiamu kwa kile kichwa, sauti inapita kwa mkono, inaingia kwa pembe iliyokunjwa ndani ya sanduku na kutokea huko nyuma, inagonga kifuniko inakuja kwenu. Hakuna pa kuongeza sauti. Unataka chini, weka sindano nyembamba, unataka juu, weka nene. Alikaa nyimbo tatu, abiria akampigia simu, akaenda analalamika.

Kitu sikubali ni LP, zile santuri za vinyl. Kuna dada alikuja na LP ya marehemu baba yake, benga safi kabisa, nikakataa, akanuna. Kichwa cha gramafoni ni kizito sana na vinyl ni laini, ukipiga hapo mara moja tu mfereji umeenda. Pia usipanguse santuri za laki na spiriti, laki inayeyuka, tumia maji kidogo na tone la sabuni ya vyombo na usilowe lebo. Na hili joto letu la ziwa, zisimamishe wima mbali na mabati, zikilala mrundo zinapinda. Halafu mtu akikuuzia gramafoni ya pembe ya shaba inang'aa, sanduku linanukia vanishi mpya na kibandiko cha yule mbwa wa nembo ya HMV, nyingi ni za kuungwaungwa India kwa watalii. Weka kama maua mezani, lakini santuri yako usiiguse nayo.

Kuna zingine natamani sana na pesa yangu haifiki. Aprili 1923 mpiga koneti (kama tarumbeta fupi) King Oliver na bendi yake walienda Richmond, Indiana, huko Marekani, kurekodi kwa lebo ya Gennett, Armstrong akiwa bado kijana wake wa koneti ya pili. Maikrofoni hakuna bado, wote wanapigia pembe moja kubwa ya kunasa sauti. Ngoma nzito ingerusha sindano ya kurekodi kwa hivyo mpiga ngoma wao Baby Dodds aligonga vipande vya mbao, na inasimuliwa Armstrong aliambiwa akasimame huko mbali, juu alikuwa anamfunika bosi wake Oliver. Studio yenyewe ilikuwa kando ya reli, treni ikipita wanasimama. Sisi tuliozaliwa Kisumu, mwisho wa reli, hiyo shida tunaielewa bila kufafanuliwa. Kuja kwa maikrofoni 1925 ndio kulibadilisha mambo, na ukizisikiliza ya kabla na ya baada kwa mashini moja utaskia tofauti mara moja, besi inatokea mahali hakukuwa na kitu.

Ukitaka kujua kwa nini nang'ang'ania kupigia watu, panda Kericho, pita Litein ufike Kapkatet. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi huko wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu Chemirocha. Huyo ni Jimmie Rodgers, jina lake walivyolitamka wao, mwimbaji wa country wa Marekani aliyekufa 1933, walikuwa wamemskia kwa gramafoni za wazungu, na hiyo sauti bila mwili wakaamua si ya binadamu kamili, ni nusu mtu nusu swara, wakamtungia wimbo wao na mtindo wao. Mwaka 2015 zile rekodi zilirudishwa huko Kapkatet wenyewe wakazisikia. Na Rodgers huyo huyo, Julai 1930, aliingia studio Los Angeles akaimba Blue Yodel No. 9, tarumbeta akiwa Armstrong na piano mkewe Lil, ingawa kwa lebo jina la Armstrong halipo. Sasa fikiria yule mwenye gramafoni angesema hapana, hizi ni za thamani, akazifungia. Kapkatet wangeimba nani?

Nilimpigia hii stori yule rafiki yangu wa karatasi za nailoni. Akasema ni nzuri sana, lakini zake bado hatoi. Sawa, mimi pia nimekataa kumuazima HMV.

Jumapili hii tunaendelea, tukianza na Bessie Smith, mwimbaji wa blues, na mama mmoja wa Kibuye ameahidi kuleta boksi la marehemu mumewe ambalo halijafunguliwa miaka mingi. Kama nyumbani kwa dani wako, yaani nyanya yako, kuna santuri nzito nyeusi zinavunjika kama sahani, leta hata kama zimechubuka. Na kama unajua mahali sindano za chuma zinauzwa bei ya kueleweka, niambie haraka juu zangu zinaisha.