Vijana wa Japani wakija Mombasa kusomea majanga, msianze na tetemeko

Ratiba za ziara hizi za wanafunzi kutoka Japani hufanana. Siku ya kwanza hotuba, siku ya pili zoezi la kujikunyata chini ya dawati, siku ya tatu Fort Jesus na picha ya pamoja. Wajapani wanalifanya zoezi la dawati kwa sababu nchi yao inatikisika. Mtoto wa Majengo, Tudor au Likoni anaishi na moto, mafuriko na bahari, na zoezi hilo likinakiliwa lilivyo linageuka igizo. Cha kuiga kwao ni mazoea ya kazi: kuutembea mtaa, kuuchora, kupima muda kwa saa mkononi, kisha kurudia mwaka unaofuata na kulinganisha.

Chukua tsunami, ambayo pande zote mbili zinaijua. Tarehe 11 Machi 2011 mjini Kamaishi, Japani, wanafunzi wa sekondari ya chini walikimbilia mlimani bila kuchelewa, wakaungana na wadogo wa shule ya msingi jirani, na maji yakafika baada ya nusu saa hivi. Somo la kule ni kukimbia bila kungoja kuambiwa. Kwetu tetemeko la Sumatra la 26 Desemba 2004 lilitokea muda mfupi kabla ya saa kumi alfajiri, saa za Afrika Mashariki, na mawimbi yakafika pwani mchana. Ardhi ya hapa haikutoa ishara yoyote. Kinachohitaji mazoezi Mombasa, basi, si mbio. Ni habari inapokelewa na nani, inamfikiaje muuza madafu wa ufuo wa Pirates, na watu watazuiwaje kurudi ufuoni kwa saa kadhaa, maana wimbi la kwanza mara nyingi silo kubwa kuliko yote, na maji yakivutwa nyuma ghafla wako watakaoshuka kuokota samaki. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania, fukwe za Kenya zilifungwa. Tukio hilo ni darasa zuri kwa wageni kuliko tetemeko la kubuni.

Zoezi la kupitisha habari halina gharama. Ujumbe mmoja usiozidi maneno 20 unatoka kwa chifu saa nne kamili, unapita kwa wazee wa mtaa, nyumba kumi, makundi ya WhatsApp na kipaza sauti cha msikiti. Wanafunzi wanakaa wawili wawili kwenye vituo, Mkenya na mgeni, wanaandika umefika saa ngapi na umefika na maneno gani. Wageni watalielewa haraka, kwa sababu miji mingi ya Japani ina vipaza sauti juu ya nguzo, na jioni hupiga muziki mfupi ambao pia hujaribu kama mitambo inafanya kazi.

Linapoharibika, huharibika kwa njia moja. Mtu anarekodi ujumbe kwa sauti, sauti haina tarehe, na wiki ya pili inazunguka tena kama habari ya kweli. Ujumbe uwe maandishi tu, uanze na umalizie kwa HILI NI ZOEZI, na tarehe na saa ziwe ndani ya sentensi yenyewe. Imamu, mchungaji na chifu waambiwe siku kadhaa kabla, uso kwa uso, si kwa barua iliyoachwa mezani.

Sasa ramani, ambayo ndiyo kiini cha ziara yote. Chagueni eneo dogo, la kutembeka kwa dakika 90. Chapisheni ramani yake kubwa kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, ifunikeni kwa ile nailoni inayoonyesha ya kufunikia meza, inayouzwa kwa mita, na mchore juu yake kwa kalamu nene za wino usiofutika kwa maji. Ukikosea, pamba na spiriti zinafuta. Buluu ni maji yanapotuama, nyekundu ni hatari ya moto, kijani ni mahali pa kukimbilia, nyeusi ni njia ambayo gari halipiti. Kundi lisizidi watu sita, la sivyo wawili wanachora na wengine wanashika simu.

Mji wa Kale, tokeni saa mbili asubuhi kabla jua halijawa kali. Mwanafunzi mmoja abebe kijiti cha mita 2.5, ambao ni upana wa kawaida wa gari la zimamoto, akilaze kukata kila uchochoro. Kisipoenea, uchochoro ni mweusi. Kikienea, angalieni juu: baraza, nyaya na mabati yaliyochomoza huzuia gari ambalo chini lingepita. Pikipiki na mikokoteni ihesabiwe pia, kwa sababu njia ya saa mbili asubuhi siyo ya saa kumi na mbili jioni. Wazee na wagonjwa wasioweza kutembea watiwe nukta tu, bila jina wala namba ya mlango. Ramani hii itatundikwa hadharani, na mwizi naye anajua kusoma.

Kwa mafuriko, pangeni siku kwa kalenda ya mwezi. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Mombasa hupwa takriban saa nne na kujaa takriban saa kumi, na tofauti hupita mita 3. Wapelekeni wageni ukingoni mwa mkono wa bahari wa Tudor mara mbili siku hiyo hiyo, asubuhi na jioni, na waguse kwa mkono mdomo wa mtaro ule ule. Saa nne uko wazi juu ya tope, saa kumi umezama. Ndipo anaelewa bila hotuba kwa nini mvua kubwa ikigongana na bamvua mtaro haumwagi, hata uwe umezolewa taka. Likizo ya Agosti, ambayo ndiyo hukutanisha shule za pande mbili, haina masika wala vuli. Mgeni ataona mitaro mikavu tu msipompa alama za maji kwenye kuta na mwenye nyumba wa kuzieleza.

Kobe, mji wa Japani ambako tetemeko la 17 Januari 1995 liliua watu 6,434, walionusurika huwasimulia wanafunzi wanaozuru, na ni kazi inayoheshimiwa. Sisi wa Mombasa tuna Mtongwe: kivuko kilichojaa kupita kiasi kilipinduka 29 Aprili 1994, wakafa 272. Mzee anayekumbuka siku ile aombwe kwanza nyumbani kwake, peke yake, na akikataa asibembelezwe. Simu zizimwe. Apewe nauli na kitu mkononi kama mtaalamu yeyote. Siku hiyo hiyo wageni wavuke Likoni, na kila mmoja aonyeshe maboya ya kujiokolea yako wapi kabla kivuko hakijaondoka.

Ya karatasi ni machache ila huchukua muda. Kwa wanafunzi wetu wanaokwenda Japani walio chini ya miaka 18, anzeni na cheti cha kuzaliwa na pasipoti, kisha barua ya idhini ya wazazi iliyothibitishwa na wakili. Mkipitia nchi inayodai chanjo ya homa ya manjano, ichomwe angalau siku 10 kabla. Familia za kule zitakazowapokea zielezwe mapema kwamba kwa mtoto Mwislamu kukosa nyama ya nguruwe hakutoshi, maana mirin, divai tamu ya mchele ya kupikia, ina kileo. Na ratiba yoyote ya pamoja iandikwe kwa saa 24: mgeni akisoma saa 9 atafika asubuhi, mwenyeji atafika alasiri. Mkutano wa mtandaoni wa saa 11:00 hapa ni 17:00 Japani.

Ramani ikikamilika, ipigwe picha na zitolewe nakala tatu: ofisi ya chifu, shule, na msikiti au kanisa la mtaa. Pembeni iandikwe nani ataitembea tena kabla ya masika, kwa jina la kazi yake, kwa sababu wanafunzi wa mwaka huu watakuwa wamemaliza.