Indiketa zilikuwa nzima, funguo ndiyo ilikuwa mkononi mwa afande

Kila niliyemsimulia kuhusu faini ya trafiki niliyoandikiwa kwa ajili ya indiketa alikuwa na neno moja tu: lipa. Shemeji yangu wa bodaboda, ambaye tangu bajeti ya 2021 kosa lake moja ni elfu kumi wakati sisi wa magari tumeachwa kwenye elfu thelathini yetu, ndiye aliyenicheka zaidi. "Shem, utashindana na serikali kwa elfu thelathini?" Jirani yangu mstaafu akasema kosa langu lilikuwa kutojiongeza palepale barabarani, ningetoa ya soda yakaisha. Kazini wakaniambia nitafute mtu anayemjua mtu. Sikumsikiliza hata mmoja, na leo kichwa kimenivimba kidogo, mnivumilie.

Ilikuwa Jumamosi, kama saa nne asubuhi, barabara ya Morogoro, tunakwenda Chalinze kwenye mahari ya binamu yangu. Mama watoto mbele, nyuma sufuria mbili kubwa za kuazima. Trafiki akanipungia mkono. Leseni sawa, bima sawa, pembetatu ipo, mtungi wa kuzimia moto upo. Nikaanza kujisikia raia mwema.

"Zima gari. Lete funguo."

Nikampa. Mke wangu alinifinya paja, maana yeye huwa hataki mtu ashike funguo yetu, lakini nilishaipitisha dirishani. Afande akaizunguka gari yangu, IST, taratibu, akapigapiga tairi kwa kiatu, akafika nyuma.

"Piga indiketa ya kushoto."

Nikasukuma kijiti. Kimya.

"Kulia."

Kimya. Hata ule mlio wa tik tik hakuna.

"Unaona? Zote mbili hazifanyi kazi. Unahatarisha maisha ya watu."

Na mimi, dereva wa miaka kumi na moja, nikaomba msamaha! "Samahani afande, asubuhi zilikuwa zinawaka." Kimashine kikatoa karatasi yake, kontrol namba ya kulipia juu, shilingi 30,000 chini. Akanirudishia funguo. Nikawasha, nikapiga indiketa ya kulia kwa mazoea niingie barabarani. Tik, tik, tik.

Tulikwenda kama mita hamsini kabla mke wangu hajasema, kwa upole unaouma kuliko tusi: "Baba, si hizo zinawaka?"

Nilirudi. Afande alishasimamisha lori la mchanga. "Ukishaandikiwa umeandikiwa, nenda ofisini kwetu."

Sasa hapa ndipo nilipofanya ujinga wa pili, na huu niliutafuta mwenyewe. Jumatatu nilikwenda kwa fundi wangu wa umeme wa magari, nikamwomba akague taa kisha aniandikie karatasi yenye muhuri ya kuonyesha kwamba gari haina tatizo. Fundi anapenda sana muhuri wake. Alifuta mikono kwenye ovaroli, akaandika kwa herufi kubwa, akapiga muhuri mara mbili kwa sababu wa kwanza ulitoka hafifu. Mimi nikauangalia muhuri tu, sikusoma. Nikamwambia hela yake tutaongea.

Kesho yake niko kaunta ya ofisi ya trafiki, nimechomekea shati, nikamkabidhi afande wa zamu karatasi kwa mikono miwili. Akaisoma kwa sauti ya taarifa ya habari: "NIMEKAGUA INDIKETA ZA GARI TAJWA HAPO JUU NA KUZIREKEBISHA. SASA ZINAWAKA VIZURI."

Akaisoma tena, safari hii akiwaangalia wenzake.

"Kwa hiyo zilikuwa mbovu."

Mwenzake mmoja alikuwa anakunywa chai, ikambidi aweke kikombe chini. Nilipomfuata fundi baadaye hakuona aibu hata kidogo: "Bosi, ningeandika sikufanya chochote, nani angejua kwamba mimi ni fundi?"

Ile siku ya kaunta ilikuwa ya tatu tangu niandikiwe. Siku saba zikipita bila kulipa, inaongezwa asilimia 25, yaani 30,000 inakuwa 37,500, kwa hiyo ukiamua kubisha usikae nyumbani ukilalamika. Afande akaniambia, kwa sauti ya kutisha, kwamba kama nalikataa kosa basi nitakwenda mahakamani. Watu wengi wakifika hapo hulipa. Lakini kulikataa kosa na kwenda kusikilizwa mbele ya hakimu ni haki yako, siyo adhabu. Nikasema niko tayari, ingawa magoti hayakuwa tayari. Akanitazama, akaniambia nirudi kesho nionane na mkuu wao.

Usiku sikulala vizuri. Nikatoka na kaptula hadi kwenye gari, nikakaa kwenye usukani gizani, funguo mfukoni. Nikasukuma kijiti: kimya. Nikabonyeza kile kitufe chekundu chenye pembetatu, cha hazadi. Taa zote nne zikaanza kupepesa, ukuta wa jirani ukawa wa rangi ya chungwa. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Hazadi na indiketa zinatumia balbu zilezile. Tofauti ni kwamba hazadi inachukua umeme moja kwa moja kwenye betri, ndiyo maana inawaka hata gari ikiharibika, na indiketa inasubiri funguo igeuzwe mpaka ON. Afande aliipima indiketa yangu huku umeme wake kaushika mwenyewe mkononi!

Kesho yake sikubeba karatasi ya mtu. Mkuu akanisikiliza, akaguna tu. Nikaona maneno hayatoshi. Uani palikuwa na gari safi aina ya Spacio, nikauliza ni ya nani. Ni ya yule afande wa kaunta, msomaji wangu wa taarifa ya habari.

"Mkuu, naomba tupime hii, funguo abaki nayo mwenyewe."

Afande akaingia, funguo kaining'iniza kidoleni. Piga kushoto. Kimya. Piga kulia. Kimya. Akaisukuma tena kwa nguvu kama inayogoma. Nilitamani sana kumwambia anahatarisha maisha ya watu, nikajizuia, maana bado nilikuwa nadaiwa. Nikamwomba abonyeze hazadi. Zikawaka zote. Wale wa chai walikuwa mlangoni.

Mkuu hakucheka. Aliniambia niandike barua fupi, namba ya gari na kontrol namba, niambatanishe ile karatasi ya faini, kisha akamwita mtu kwa simu na kuniambia niende. Siku mbili baadaye nikaingiza namba ya gari kwenye mfumo wao wa kuangalia madeni. Deni langu halikuwepo.

Mama watoto alipiga hesabu: mafuta ya kwenda na kurudi mara mbili, siku mbili nilizoaga kazini, na chipsi kuku ya kujipongeza. Anasema imefika kama elfu hamsini hivi. Na fundi bado ananidai elfu tano ya ile karatasi, anasema muhuri una gharama.