Makuli wa Bloomington

Tanga, ukitaka kujua wapi pa kula, huulizi mtu. Unawafuata makuli. Mtu aliyeshusha magunia tangu alfajiri hana pesa ya kuchezea wala subira ya kudanganywa. Akikaa benchi la mama ntilie yuleyule leo, kesho na keshokutwa, jua wali wa pale umeiva na mchuzi haukuongezwa maji. Dalili ya pili ni sufuria tupu. Mama ntilie ambaye saa nane mchana bado anakuchagulisha samaki, nyama na maharage, msalimie upite. Yule anayekwambia, "Mwanangu, umechelewa, kimebaki ukoko tu," kesho yake uwahi.

Elimu hiyo niliipata Ngamiani kabla sijajua kusoma. Oktoba 2014 nikaibeba hadi Bloomington, jimbo la Indiana, Marekani, nilikoalikwa kwa wiki moja kuwasomea hadithi zangu wanafunzi wa Kiswahili, na siku mbili za mwanzo haikunifaa kitu.

Bloomington ni mji mdogo, kama kilomita 80 kusini mwa Indianapolis. Una watu kama 80,000, na chuo kikuu kina wanafunzi zaidi ya 40,000, kwa hiyo huwezi kusema chuo kimo mjini. Mji ndio umekizunguka chuo. Kipo tangu 1820. Majengo yake ni ya mawe ya chokaa yaliyochimbwa palepale jirani, mawe ya eneo hilohilo yaliyovishwa jengo la Empire State kule New York. Miti ilikuwa imegeuka rangi, mmoja mwekundu, mwingine wa manjano, nami nilitembea nimeinua uso kama mgeni wa Kariakoo anayehesabu ghorofa. Macho yalishiba. Tumbo lilikuwa na malalamiko yake.

Hoteli niliyowekwa ilikuwa pembezoni, kando ya barabara kuu. Kwetu hoteli ni pa kula, pa kulala ni gesti. Kule ni kinyume: hoteli ilikuwa na vitanda vitatu kwa kila mtu na hakuna hata chai ya maana. Nikamuuliza kijana wa mapokezi wapi nitapata chakula kizuri. Akanionyesha kwa kidole, kupitia dirishani, mgahawa wa ng'ambo ya barabara. Ninavyodhani sasa, hakuwahi kuulizwa swali hilo na mtu asiye na gari, wala yeye mwenyewe hakula pale. Nilivuka njia sita za magari kwa dua. Nikaagiza samaki. Akaja samaki asiye na kichwa wala mwiba, mwenye pembe nne, mweupe, kama kipande cha sabuni ya mche. Nilimla kwa sababu nilifundishwa kutotupa chakula.

Usiku dada yangu akapiga simu.

"Umekula nini huko?"

"Samaki."

"Samaki gani?"

Nikamwambia mtandao unakatikakatika.

Siku ya pili nikasema nisiwe mshamba, nitumie simu kama watu wa leo. Nikatafuta mgahawa wenye nyota nyingi, nikaukuta Kirkwood, barabara inayotoka mahakamani hadi kwenye lango la chuo. Ni barabara ya furaha ile. Kuna baa ya tangu 1927, watu wamevaa fulana nyekundu za timu yao, kila mlango unatoa muziki wake. Nilikoingia palijaa, nikajipongeza: benchi limejaa, dalili njema. Kumbe fahari ya Indiana ni nyama ya nguruwe iliyopondwapondwa, ikapakwa unga wa mkate, ikakaangwa hadi ikawa pana kuliko mkate wenyewe, inaning'inia pande zote kama kofia ya pama. Kila meza ilikuwa na moja. Nyota zilikuwa za kweli, ila hazikuwa zangu. Nilikula chipsi na kabichi, nikarudi zangu.

Siku ya tatu nikaingia darasani. Wanafunzi wale hujipa majina ya Kiswahili, na kijana mmoja mrefu, mtoto wa shamba la mahindi kaskazini mwa jimbo, alijiita Simba. Nikamuuliza: Simba kweli, au rohoni ni Yanga? Hakuelewa, nikaacha. Mimi mwenyewe ni wa Coastal Union, sina la kujivunia.

Baada ya kusoma, tukafika kwenye maswali. Simba akanyoosha mkono. "Shikamoo, mwalimu. Mimi ni njaa."

Darasa likacheka. Nikamwambia asirekebishe kitu, siku ile mimi pia nilikuwa njaa yenyewe. Kisha nikawauliza: nyinyi mnakula wapi? Wakajibu kwa pamoja, kwa matamshi safi kuliko ya neno lolote walilolitamka siku ile: "Pitsa!"

Hapo ndipo nilipotambua kosa langu. Nilikuwa nimedhani kwamba katika mji wa chuo makuli ni wanafunzi. Sivyo. Wale wa shahada ya kwanza ni watoto wa wenyewe: wanalishwa kwa kadi, wana miaka 19, matumbo yao ni ya bati, na wakimaliza miaka minne wanaondoka kabla hawajaujua mji. Makuli ni wengine, na mmoja alikuwa amekaa kona ya nyuma, akicheka ile pitsa kwa kujificha nyuma ya kiganja.

Alikuwa Mwirani, mwanamke wa makamo kidogo, mwanafunzi wa uzamivu. Utafiti wake ulihusu biashara ya Bahari ya Hindi, ndiyo sababu ya kuja kukaa na watoto wale kujifunza ngeli. Mwaka wa sita huo yuko Bloomington. Begani ana mkoba wa vitabu ambao mzee wa bandarini angeukataa, na juu ya vitabu kikopo cha plastiki cha chakula alichopika mwenyewe. Posho yao ni ndogo, akaniambia. Kula nje ni mara moja au mbili kwa mwezi, kwa hiyo ukikosea mgahawa umepoteza mwezi. Nikamtazama hivi, nikasema moyoni: kuli wangu huyu hapa.

"Umekula Kirkwood?" akauliza.

"Nimekula."

"Kirkwood ni ya wazazi wanapokuja kutembelea watoto. Shuka mtaa mmoja."

Mtaa mmoja kusini ni Mtaa wa Nne. Jioni ile tulikwenda watatu, yeye, mimi na Simba, ambaye hakualikwa na mtu ila alikuwa njaa. Sijui nilitegemea nini, lakini si kile. Ni mtaa wa nyumba za kuishi, za mbao, za zamani, kila moja na baraza yake mbele na ngazi tatu nne za kupandia. Ila ndani ya nyumba hizo hakuna anayeishi. Hii ni ya Kithai, ile ya Kihindi, ng'ambo pale Waturuki, na kati yao mgahawa wa Kitibeti. Watu wamekaa barazani wanakula, taa zimewashwa, majani makavu yanapeperuka hadi miguuni, na harufu ya bizari inatoka nyumba hii ikaingia nyumba ya pili bila hodi. Tangu nitue Marekani ndipo mara ya kwanza pua yangu ilipofanya kazi.

Tulipita mtaa mzima mara mbili kabla ya kuingia popote. Mwirani hakutazama orodha za chakula zilizobandikwa nje; alichungulia waliokaa. "Yule pale anafundisha Kimongolia," alisema. "Wale wawili ni wa maktaba. Ukiwaona wa maktaba wamekaa siku ya kazi, ingia." Chuo kile hufundisha lugha nyingi mno, na kila lugha huja na mwalimu wake, mwalimu huja na familia yake, na familia haiwezi kula pitsa milele. Nadharia hiyo ilikuwa yake, si yangu, na ushahidi wake ulikuwa palepale tulipoingia, kwa Watibeti.

Mtibeti anatafuta nini katikati ya mahindi ya Indiana? Mwaka 1965 Thubten Jigme Norbu, kaka mkubwa wa Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Watibeti, alikuja kufundisha katika chuo kile. Akakaa. Mwaka 1979 akaanzisha kituo cha utamaduni wa Kitibeti nje kidogo ya mji, Dalai Lama mwenyewe akawa anakuja kutembelea, na wenzao wengine wakafuata. Norbu alifariki 2008. Alikuwa mwalimu, lakini mimi nilipoketi kwenye ile meza niliona kama alikuja kutandika mkeka ili mimi nije kula.

Tukaletewa momo. Fikiria sambusa iliyokataa kukaangwa: unga mwembamba uliofinyangwa kwa mikunjo, umepikwa kwa mvuke, na ndani yake kabichi, viazi, kitunguu na tangawizi. Za nyama zipo, ila sikuijua nyama ile ilichinjwaje, nikabaki na za mboga. Mwenzangu alikula za ng'ombe, kila mtu na Mola wake. Pembeni kibakuli cha pilipili. Nilichovya, nikauma, na machozi yakanitoka kabla ya pilipili kufika kooni. Simba akasema pole. Nikamwambia nyamaza, kula.

Chai yao ilinishinda. Ina siagi na chumvi, na mtu aliyelelewa kwa chai ya maziwa na hiliki hawezi kuipokea siku ya kwanza. Nilikunywa nusu kwa heshima ya wazee wao.

Bili ilipokuja nikapata somo jingine. Bei uliyoisoma siyo bei: wakati ule kulikuwa na kodi ya asilimia 7 juu yake, halafu kuna bahashishi, ambayo jina lake ni hiari lakini usipoitoa utaonekana mwizi. Mwirani alihesabu kichwani kwa senti, akagawa kwa watatu, na Simba akatafuta simu yake apige hesabu ileile. Walipata jibu moja, yeye akiwa ameshavaa koti.

Tulipokuwa tunashuka ngazi ndipo Mwirani akauliza, bila ubaya wowote: "Na Kiswahili je? Kinafundishwa hapa miaka na miaka. Mbona sijawahi kukila?"

Sikuwa na jibu. Mtaani mle nilihesabu vibao hadi mwisho na sikuuona mgahawa wa kwetu. Nikamwambia Jumamosi aje nyumbani kwa mwenyeji wangu.

Jumamosi asubuhi nilikwenda soko la wakulima, nje ya jengo la halmashauri ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha samani. Nilipata vitunguu, nyanya, viazi, pilipili za aina ambazo sikuzijua. Mama mmoja aliuza tunda dogo la rangi ya machungwa, wao huliita "persimmon". Nikalionja moja ambalo bado, ulimi ukakaza kama niliyetafuna bibo bichi, naye akacheka sana, kwa sababu lile ni la kusubiri liwe laini kabisa ndipo upikie. Mchele, bizari nzima na nyama ya halali nilipata katika duka la vyakula vya kigeni, ambalo bila shaka ni kuli wangu aliyenielekeza.

Pilau nimepika tangu nina miaka 12, lakini kwa mkaa. Jiko la umeme halina mazungumzo: ukilipunguza linaendelea kuchemka kwa kiburi, ukilizima limeshapoa. Nilipokaanga vitunguu hadi vikawa rangi ya kahawia, king'ora cha moshi kikalia dari nzima, na Simba akasimama chini yake akikipepea kwa kanga yangu iliyoandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone." Mkaa wa kuweka juu ya kifuniko haupo. Nikaiacha sufuria pale kwa imani.

Nilipopakua, pilau ilikuwa nzuri, nasema bila kujisifu sana. Lakini chini ilikuwa imeshika. Nilikwangua kidogo nikaona ukoko mzito, wa kahawia, umefuata umbo lote la sufuria ya mwenyeji wangu, sufuria ya gharama. Nikaona haya. Nikaibeba hadi kwenye sinki, nikafungua bomba.

"Hapana!" Mwirani alikuwa ameacha sahani yake mezani. Akaninyang'anya sufuria, akafunga bomba, akachukua kijiko cha mbao na kuanza kung'oa vipande kutoka pembeni kwenda katikati, taratibu, kama mtu aliyefanya hivyo jikoni kwa mama yake. Kipande cha kwanza alikila palepale, amesimama. Cha pili akampa Simba.

"Kwetu," alisema, mdomo umejaa, "hiki hupewa mgeni."

Nikamwambia kwetu hugombewa na watoto. Akaendelea kukwangua.