Nilivyomweleza mama mtambo wa Crossness

Mama alipokuja kunitembelea kutoka Tanga, wenyeji wangu wa hapa walitaraji nimpeleke kuona kasri la Mfalme. Mimi nilikuwa nimeshaweka nia nyingine. Naishi Abbey Wood, kusini-mashariki mwa London, na kando ya mto Thames, si mbali na kwangu, kuna jumba la matofali ambalo kwa mbali ungelidhania kanisa. Ni Crossness, kituo kilichojengwa kupandishia majitaka ya London kusini. Kilifunguliwa tarehe 4 Aprili 1865, na aliyekuja kukifungua ni mtoto wa Malkia Victoria mwenyewe.

Shida yangu ilikuwa lugha. Mambo yote ya jumba lile niliyajua kwa Kiingereza tu, na mama hasemi Kiingereza. Siku tatu kabla, nikakaa na kijitabu cha wageni nikikitafsiri mstari kwa mstari. Nilipomsomea, alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, kwani maji machafu si huteremka yenyewe? Ya nini kuyapandisha?"

Nikaiweka karatasi chini. Swali lile ndilo lililokuwa moyo wa jambo zima, na kijitabu kilikuwa kimelipita mbio.

Nikaanza upya, safari hii kwa mambo anayoyajua. Nikamwambia kipindupindu kiliwaua watu wa London kwa maelfu, kama kilivyokuja kuwaua watu wa Unguja mwaka 1869 na 1870. Daktari John Snow alikwishaonyesha mwaka 1854 kwamba ugonjwa unakuja na maji ya kunywa, lakini wakubwa wengi waliendelea kuamini kuwa unaletwa na hewa yenye uvundo. Kiangazi cha 1858 mto ulinuka hata wabunge, ambao jengo lao liko ukingoni, wakashindwa kukaa. Hapo ndipo fedha zilipopatikana. Mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kujenga mifereji mikubwa ya matofali chini ya mji, iyachukue majitaka mpaka mbali, upande wa mashariki.

"Sasa, mama, mfereji lazima uwe na mteremko ili maji yatembee. Ukiteremka maili nyingi, ukifika Crossness uko chini sana ardhini. Na mto wenyewe unajaa na kupwa kama bahari ya kwetu."

Hapo akanikatiza. "Basi hawawezi kumwaga maji yakiwa yanajaa. Yatarudi mjini."

Ndivyo hasa! Mitambo iliyainua majitaka kutoka kule chini, ikayaweka kwenye tangi kubwa lililofunikwa, yakangoja. Maji yakianza kupwa, wanafungulia, mto unayabeba kwenda baharini. Jambo lililonichukua wiki kulielewa kwa michoro, yeye alilimaliza kwa sentensi moja, kwa sababu amezaliwa pwani.

Siku ya kwenda tulivishwa kofia ngumu mlangoni. Ndani kuna mitambo minne ya mvuke, kazi ya kampuni ya James Watt, na kila mmoja una jina la mtu wa ukoo wa kifalme. Mitatu imeshikwa na kutu. Mmoja, Prince Consort, watu wa kujitolea waliushughulikia kwa miaka mingi, na tangu 2003 umeweza kuzunguka tena. Nilikuwa nimechagua siku ambayo unawashwa. Ukitaka kwenda, nawe fanya hivyo. Ukiwa umesimama ni chuma kizuri tu.

Neno nililolitafuta sana nilikuja kulipata nyumbani kwetu: boriti. Juu ya vichwa vyetu imelala boriti ya chuma ya tani 47, imeegemea katikati kama pembea ya ubao. Mvuke unasukuma pistoni, ncha moja inapanda na nyingine inashuka, na gurudumu la tani 52 linazunguka polepole ili mwendo usikatike. Enzi zake mtambo mmoja uliinua tani 6 za majitaka kwa kila mpigo, na ulizunguka mara 11 kwa dakika. Mama alisimama akihesabu kwa vidole.

Katikati ya jumba kuna nguzo za chuma zilizopangwa pembe nane, zimepakwa rangi nyekundu, kijani na dhahabu, kazi ya msanifu Charles Driver. Mwenyeji wetu alitueleza kuwa mapambo yale yana tini na maganda ya mmea mmoja wa dawa. Aliutaja kwa Kiingereza, nami nikakwama. Nikamwambia mama, ni ile dawa ya kumfanya mtu aharishe, inayotoka Uarabuni.

"Sanamaki!" akasema kwa sauti, watu wakageuka. "Bibi yako alitunywesha kila mwezi." Akanyamaza akiitazama nguzo, kisha akasema waliojenga hapa walikuwa watu wenye fikra, kupamba nyumba ya majitaka kwa dawa ya tumbo.

Sikumficha upande wa pili. Majitaka yale hayakusafishwa, yalisogezwa tu. Septemba 1878 meli ya abiria Princess Alice ilizama karibu na hapo, muda mfupi baada ya majitaka kufunguliwa, na watu zaidi ya 600 wakafa. Mama aliomba dua pale pale ukingoni.

Jioni alimpigia simu mdogo wake. Nilikuwa jikoni, nikamsikia: "Kuna boriti ya chuma, wallahi, nzito kuliko lori. Inakwenda juu, inakuja chini. Maji yakipwa ndipo wanafungulia... Ngoja nikueleze toka mwanzo."