Jumanne yangu, kutoka ubaoni hadi chini ya mwembe

Saa 11 alfajiri. Chai iko jikoni, nasahihisha madaftari yaliyobaki jana. Nafundisha Hisabati shule ya msingi hapa Tabora mjini, na jioni nasimamia kikundi cha ngoma.

Saa 1 asubuhi. Namba, usafi, mstarini. Jumanne na Alhamisi, siku za ngoma, wachelewaji huwa wachache. Mama mmoja aliniambia mwanawe siku hizo hujiamsha mwenyewe.

Saa 2 hadi saa 8. Vipindi vya dakika 40, watoto wamebanana kwenye madawati. Leo ni sehemu: nusu na robo tumezipiga kwa viganja mezani kabla ya kuziandika.

Saa 9 alasiri. Hapa ndipo siku yangu inapoanza hasa. Ngoma zimeanikwa juani tangu mchana ili ngozi ikaze. Njuga zetu ni vifuniko vya soda vilivyotobolewa na kutungwa kwenye waya.

Kuna binti wa darasa la sita ambaye kwenye mpira alikuwa anashikilia viatu vya wenzake tu. Nilimwachia achague wimbo na namna ya kuingia uwanjani. Sasa ndiye mwimbishaji, na hakosi siku hata moja.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za kuushughulisha mwili hadi aheme. Sina kifaa cha kupima mapigo ya moyo, nasikiliza kiitikio. Kikitoka kizima, bado wanatembea tu. Kikianza kukatika, mioyo imeingia kazini. Nawaacha hivyo kwa muda, kisha mpigaji anapunguza kasi wapumue.

Saa 10 na robo. Babu mmoja amemfuata mjukuu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwalimu. Hizi ngoma zitamfaulisha huyu?"

"Babu, zinamleta shuleni. Akishafika, hesabu ni kazi yangu."

Hakujibu. Akakaa juu ya mzizi wa mwembe, akatazama hadi mwisho, fimbo yake ikigonga chini. Watoto walipokuwa wanavua njuga akaniita: wanakanyaga haraka mno, mguu wa kushoto unatakiwa uisubiri ngoma kubwa.

Nimemwomba aje Alhamisi awaonyeshe. Amesema atakuja mapema.